Video ya Faru Inapogoma Ukumbini

Picha ya faru iko kwenye slaidi, angavu, pembe imeelekea juu. Mtoa mada anabonyeza rimoti aliyoishika. Faru hatikisiki. Anabonyeza tena, slaidi inaruka kwenda inayofuata, watu wanacheka kidogo, na kijana wa mapokezi anayesifika kwa kujua kompyuta anaitwa mbio.

Mambo haya hutokea popote penye projekta, lakini Karatu ina sababu zake za kuyazoea. Ndio mji mkubwa wa mwisho kwa anayetoka Arusha kabla ya lango la Lodoare, mlango wa kuingilia Hifadhi ya Ngorongoro. Katika kumbi za hoteli na taasisi za huko waongoza watalii hunolewa, wageni huelezwa kinachowasubiri kesho yake, wanafunzi wa ikolojia kutoka ng'ambo wanaokaa Rhotia huwasilisha kazi zao, na watafiti hurudisha matokeo kwa wanavijiji na maofisa. Utafiti wa fisi madoa ndani ya kreta peke yake umekuwa ukiendelea tangu 1996. Kazi za namna hiyo huzaa video nyingi, na siku hizi video haioneshwi peke yake. Hupachikwa kwenye slaidi, kati ya ramani na jedwali.

Inapogoma, lawama humwangukia aliye karibu: projekta, waya, au yule kijana wa mapokezi. Mara nyingi wote watatu hawana hatia. Video inayofika ukutani imetoka mbali. Imeanzia kwenye simu au kamera, ikapita WhatsApp, ikaingizwa kwenye programu ya slaidi ndani ya kompyuta moja, ikabebwa kwa flashi hadi kompyuta nyingine, ndipo ikatumwa kwenye projekta. Katika kila kituo kuna kitu inachokiazima kutoka kwa mashine iliyopo, na kitu hicho hakisafiri nayo. Anayejua kipi kinaazimwa wapi husoma dalili na kwenda moja kwa moja penye kasoro, badala ya kuchomoa na kuchomeka waya mbele ya watu sitini.

Enzi za mkanda kazi ilikuwa ngumu kwa mpigapicha na nyepesi kwa mwoneshaji. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walirekodi wanyama wa Serengeti na Ngorongoro wakitumia ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa milia ya punda milia. Michael alifariki ndani ya ndege hiyo tarehe 10 Januari 1959, baada ya kugongana na tai, na kaburi lake liko kwenye ukingo wa kreta. Filamu yao ilishinda tuzo ya Oscar mwaka 1960. Mkanda wa sinema wa wakati huo uliweza kuoneshwa katika jumba lolote lenye projekta ya milimita 35, bila mtu kuuliza ulitengenezwa kwa mashine gani: matundu ya pembeni yalikuwa ya vipimo vilivyokubaliwa, fremu zilipita 24 kwa sekunde, na sauti ilichapwa kwenye mkanda huo huo. Faili la video la leo halina makubaliano ya aina hiyo.

Gunia na kilichomo

Kituo cha kwanza ni kamera yenyewe. Mwongoza watalii anateremka kwa barabara ya Seneto asubuhi, anamwona faru mweusi kwa mbali, anatoa simu na kurekodi dakika moja. Simu inahifadhi faili linaloishia kwa mp4 au mov, na wengi hudhani herufi hizo zimeshasema kila kitu. Zimetaja chombo tu. Mnunuzi wa vitunguu vya Mang'ola, kule bondeni kwenye Ziwa Eyasi, haridhiki na gunia. Hulifungua aone kilichomo. Ndani ya mp4 mna picha zilizobanwa kwa kanuni moja na sauti iliyobanwa kwa kanuni nyingine, na kompyuta isiyoijua kanuni mojawapo haiwezi kuifumbua. Kanuni hizo ndizo kodeki.

Kwa miaka mingi kodeki ya picha iliyotawala ni H.264, iliyotoka mwaka 2003, na leo ni shida kupata kompyuta isiyoifahamu. Mwaka 2013 ikaja H.265, ambayo pia huitwa HEVC, yenye kutoa ubora ule ule kwa karibu nusu ya ukubwa wa faili. Apple iliileta kwenye iPhone pamoja na mfumo wa iOS 11 mwaka 2017, na simu nyingi za Android nazo zina chaguo hilo. Kwa makadirio ya Apple yenyewe, dakika moja ya video ya 4K kwa fremu 30 kwa sekunde hula takribani megabaiti 350 katika H.264, na 170 tu katika HEVC. Kwa mtu anayeshinda kutwa porini, tofauti hiyo ni kubwa: simu ya mmoja imejaa saa sita mchana, ya mwingine inafika jioni.

Shida iko upande wa kompyuta. HEVC imezungukwa na hataza, na wenye hataza wanataka chao. Ndiyo maana Windows nyingi haziji nayo. Microsoft huuza kiongezi chake kwenye duka lake la mtandaoni kwa senti 99 za dola, na baadhi ya watengenezaji wa kompyuta hukiweka kabisa kiwandani. Matokeo yake, kompyuta mbili zinazofanana kwa sura na hata kwa toleo la Windows zinaweza kupishana hapo tu: ya Karatu inaonesha, ya lojini inakataa. Dalili yake ni rahisi kuitambua. Sauti inasikika vizuri, kwa kuwa imebanwa kwa AAC inayojulikana kila mahali, lakini mahali pa picha ni peusi.

"Mbona kwenye VLC inacheza?" Swali hili huulizwa kila mara, na lina jibu. VLC, programu ya bure iliyoanzia kwenye mradi wa wanafunzi wa École Centrale ya Paris, imebeba kodeki zake yenyewe. PowerPoint haiwezi kuzitumia hizo. Huazima zile za Windows. Kwa hiyo video kucheza ndani ya VLC hakuthibitishi kwamba itacheza kwenye slaidi. Kipimo cha haki ni kichezeshi kilichokuja na Windows chenyewe. Faili likicheza humo, kuna matumaini makubwa ya kucheza ndani ya slaidi.

WhatsApp nayo ina vituko vyake. Video ikitumwa kwa njia ya kawaida, hubanwa upya, kwa kawaida kuwa mp4 yenye H.264 na AAC. Hutokea basi kwamba nakala ya WhatsApp, yenye ukungu na mwonekano hafifu, inacheza bila tatizo kwenye slaidi ambayo faili halisi limeigomea. Mtu asiyejua sababu huhitimisha kwamba faili halisi limeharibika na kulifuta. Ubora wake kamili unaweza kusafiri kwa WhatsApp likitumwa kama hati badala ya kama video. Tangu 2022 mafaili ya hadi gigabaiti 2 yanaruhusiwa.

Tiba ya kudumu ni kugeuza kila video kuwa mp4 yenye H.264 na AAC kabla ya kuigusa PowerPoint. HandBrake, programu nyingine ya bure, hufanya hivyo kwa mipangilio yake ya kawaida inayoitwa Fast 1080p30. Dawa hiyo hiyo inazifaa video za kamera za mtego, ambazo baadhi hutoa mafaili ya avi mazito yaliyobanwa kwa kanuni za zamani. Mwenye iPhone anaweza kujikinga mapema zaidi: kwenye Settings, sehemu ya Camera, chini ya Formats, achague Most Compatible kabla gari halijaanza kuteremka kretani. Video zitakuwa nzito, lakini zitasomeka.

Wako wageni wawili wa aina yake. Wa kwanza ni kompyuta ya zamani ya ukumbini yenye Office 2010. Hiyo ilihitaji QuickTime ili kucheza mp4 na mov, na Apple iliacha kuihudumia QuickTime ya Windows mwaka 2016. Kwa mashine kama hiyo, wmv ndiyo salama. Wa pili ni kompyuta iliyonunuliwa Ulaya yenye Windows ya toleo la N. Toleo hilo lilitokana na uamuzi wa Tume ya Ulaya wa 2004 uliotaka Microsoft iuze Windows isiyoambatana na kichezeshi chake cha video. Mwenye kompyuta hiyo hufika Ngorongoro na mashine mpya isiyocheza video yoyote kwenye slaidi, mpaka apakue Media Feature Pack, tena bila malipo. Ni vyema akaifanya kazi hiyo angali kwenye intaneti nzuri.

Picha ipo, video haipo

Kituo cha pili ni mezani, pale slaidi zinapotengenezwa. Hapa ndipo uongo mkubwa kuliko wote hufanyika kimyakimya.

Hadi toleo la 2007, PowerPoint iliiacha video ilipo na kuandika tu anwani yake ndani ya faili la slaidi: diski fulani, folda fulani, jina fulani. Kuanzia toleo la 2010 video humezwa ndani ya faili lenyewe, isipokuwa mtu achague kuiunganisha kwa anwani. Chaguo hilo bado lipo, na bado linapendwa kwa sababu hulifanya faili kuwa jepesi. Slaidi nyingi za mafunzo nazo zimerithiwa, mwalimu kwa mwalimu, tangu enzi za ppt. Katika hali zote mbili PowerPoint huhifadhi picha moja tulivu ya video na kuiweka kwenye slaidi kama jalada. Jalada hilo husafiri hata video ikibaki nyumbani. Mtoa mada anamwona faru, anaridhika, anazima kompyuta, anaondoka.

Kuligundua jambo hili hakuhitaji ufundi. Kama video ina megabaiti 90 na faili la slaidi lina megabaiti 4, video haimo. Anayetaka ushahidi zaidi anaweza kutengeneza nakala ya faili la pptx na kubadili mwisho wa jina lake kuwa zip, kwa sababu pptx kwa hakika ni furushi la zip. Akilifungua, aingie folda ya ppt, kisha media. Video zote zilizomezwa zimepangwa humo. Isiyokuwemo haitaonekana ukumbini, labda iletwe na folda yake.

Ukarabati ni mfupi: kuifuta video kwenye slaidi na kuiingiza upya kwa Insert, bila kugusa chaguo la Link to File. Kwa anayelazimika kutumia viungo, video na slaidi ziwekwe kwenye folda moja kabla ya kuunganishwa, na folda nzima ndiyo inakiliwe, si faili peke yake. Kwenye menyu ya File, chini ya Info, PowerPoint huorodhesha viungo vilivyomo na pia hutoa kitufe cha Optimize Compatibility pale inapohisi kwamba video fulani italeta shida kwenye mashine nyingine. Kitufe hicho hakijitokezi bila sababu, kikionekana, kibonyezwe.

Video za mtandaoni ni habari nyingine. Ikipachikwa kutoka YouTube, kinachokaa kwenye slaidi ni dirisha tu, na kila mara litahitaji intaneti. Slaidi za Google ziko hivyo hivyo: huchukua video kutoka YouTube au Drive. Mtandao ukiyumba ukumbini, dirisha linabaki tupu. Zipo pia slaidi za miaka ya 2010 ambazo madirisha yake yalitegemea Flash, na Adobe iliifunga Flash mwishoni mwa 2020. Hizo hazitafufuka hata kwa intaneti ya kasi. Kama video ni ya mtoa mada mwenyewe, hana sababu ya kuitafuta YouTube. Aliweke faili lake.

Halafu kuna rimoti. Slaidi iliyoruka badala ya video kucheza haina uhusiano na kodeki wala viungo. Matoleo ya karibuni ya PowerPoint yana njia tatu za kuianzisha video: kwa mfuatano wa mibonyezo, yenyewe slaidi inapofunguka, au kwa kubofya juu ya video kwa kipanya. Video iliyowekwa kwenye njia ya tatu haiisikii rimoti, kwa sababu rimoti haibofyi mahali popote. Inasema tu "endelea". PowerPoint inatii na kwenda mbele. Kwenye Playback, chaguo la Start likiwekwa Automatically au In Click Sequence, ugomvi umekwisha. Aliyekwisha kupanda jukwaani anaweza kujiokoa kwa Alt na P kwenye kibodi, vitufe vinavyoanzisha na kusimamisha video slaidi zikiwa zinaendelea.

Flashi na utepe wa njano

Kituo cha tatu hakina mengi, ila makosa yake hujirudia. Wapo wanaoonesha slaidi moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Flashi ya bei nafuu inaweza kusoma polepole kuliko video nzito inavyohitaji, na faru huanza kutembea kwa kushtukashtuka. Faili linakiliwe kwanza kwenye diski ya kompyuta, flashi ichomolewe, kisha video ijaribiwe. Kuichomoa kunafichua pia viungo vilivyokuwa vikielekea kwenye flashi bila mwenyewe kujua.

Flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia gigabaiti 4. Kunakili kukikataa ilhali nafasi bado tele, sababu ni hiyo, na exFAT ndiyo suluhisho. Faili lililotoka kwenye barua pepe au mtandaoni nalo huweza kufunguka likiwa na utepe wa njano juu, hali ya ulinzi inayozuia baadhi ya vitu vilivyomo. Enable Editing ibonyezwe kabla ya onesho kuanza, ilimradi mtumaji anajulikana.

Kutoka kompyuta hadi ukutani

Sasa mtoa mada yupo ukumbini, na hapo swali moja hutenganisha karibu kila kitu: je, video inaonekana kwenye kioo cha kompyuta?

Kama haionekani hata huko, projekta isiguswe. Kasoro ni ya faili, kodeki au kiungo. Kama inaonekana kwenye kompyuta lakini ukutani ni giza, video ni nzima na tatizo ni njia ya kwenda ukutani. Windows na P hufungua orodha ya kuchagua vioo: Duplicate huonesha kitu kimoja pande zote mbili, Extend huutumia ukuta kama kioo cha pili. Kubadilisha kutoka moja kwenda nyingine mara nyingi hutosha. Ni vizuri pia projekta ichomekwe na kuwashwa kabla PowerPoint haijafunguliwa, ili programu ivikute vioo vyote viwili vikiwa tayari. Video ikiwa nyeusi au ikimetameta licha ya hayo, mgomvi anaweza kuwa kadi ya michoro. Katika matoleo mengi, File, kisha Options, kisha Advanced, kuna sehemu ya Display yenye kisanduku cha kuzima usaidizi wa kadi hiyo. Kikiwekwa alama, PowerPoint hufungwa na kufunguliwa upya.

Sauti ina mkondo wake. Waya wa VGA, ambao bado unaning'inia katika kumbi nyingi, hubeba picha tu. Ulibuniwa mwaka 1987 na sauti haikuwa sehemu ya kazi yake. HDMI hubeba vyote viwili, na hapo ndipo watu hunaswa: mara tu inapochomekwa, Windows inaweza kuipeleka sauti kwenye projekta, iwe na spika au haina. Ukumbi unamwona simba akifunua mdomo bila kunguruma. Dawa iko kwenye alama ya spika chini kulia. Ikibofywa, mtu huchagua spika za kompyuta au za ukumbi. Spika za Bluetooth zinafaa kwa sauti za ndege na muziki wa nyuma, lakini huchelewa sehemu ya sekunde, na mtu anayehojiwa kwenye video ataonekana midomo yake ikitangulia maneno. Penye mahojiano, waya ni bora.

Kutembea kwa kushtukashtuka mara nyingi ni suala la hesabu. Fremu ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani zaidi ya milioni 8.2. Projekta ya kawaida ya XGA, aina iliyojaa katika kumbi za mikutano, ina nukta 1,024 kwa 768, ambazo hazifiki laki nane. Kompyuta inahangaika kufumbua nukta zaidi ya mara kumi ya zile ambazo ukuta unaweza kuonesha, kisha inazitupa zilizozidi. Mtazamaji hapati chochote cha ziada isipokuwa kusubiri. Kwenye Info, chini ya Compress Media, PowerPoint inaweza kuishusha video hadi 1080p au 720p. Kwa projekta ya XGA, 720p inatosha kabisa. Kazi hii ifanywe kwenye nakala, kwa kuwa ubora ukishashuka haurudi. Na kompyuta ichomekwe umeme: ikitumia betri huku imewasha hali ya kubana matumizi, hupunguza nguvu zake wakati ule ule inapozihitaji.

Hewa nyepesi

Kuna hitilafu moja ambayo watu wa Dar es Salaam na Tanga hukutana nayo mara chache, lakini Ngorongoro iko nyumbani kwake. Video inacheza vizuri kwa dakika kumi au ishirini, kisha feni ya projekta inapiga kelele, taa nyekundu inawaka, ukuta unakuwa giza. Wenyeji huulaumu umeme.

Mji wa Karatu uko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta unapita meta 2,200. Kwenye meta 2,300, uzito wa hewa kwa ujazo ni karibu moja ya tano pungufu ya ule wa pwani. Projekta hupozwa kwa hewa, na feni inayozunguka kwa kasi ile ile ya pwani huvuta hewa pungufu kila mzunguko. Joto la taa linabaki ndani, kihisi kinalitambua, mashine inajizima ili isiungue. Usiku wa baridi kali kule ukingoni haubadilishi hesabu hiyo sana, kwa kuwa shida ni wingi wa hewa inayopita ndani ya mashine.

Watengenezaji wanalijua hilo. Miongozo ya projekta za Epson, kwa mfano, humtaka mtumiaji awashe hali inayoitwa High Altitude Mode kifaa kinapotumika juu ya meta 1,500. Huongeza kasi ya feni, kelele inazidi kidogo, na mashine inapumua. Projekta hutoka kiwandani hali hiyo ikiwa imezimwa, na iliyonunuliwa Kariakoo haiwezi kujua yenyewe kwamba imepandishwa mpaka ukingoni mwa kreta. Ni kazi ya mwenye ukumbi kuiwasha, mara moja tu, kwenye menyu ya projekta.

Vumbi jekundu la Karatu huongeza mzigo. Chujio la hewa likiziba, hata feni ya kasi haivuti kitu. Na projekta yenye taa ya kawaida ikizimika kwa joto au kwa umeme kukatika, isilazimishwe kuwaka papo hapo. Taa moto hukataa kuwaka hadi ipoe, na kuibonyezabonyeza hakuiharakishi. Dakika kadhaa za maswali na majibu huliziba pengo hilo vizuri.

Kabla wageni hawajaketi

Mtoa mada mzoefu hufika nusu saa kabla, na hafungui slaidi ya kwanza tu. Anakwenda kwenye kila slaidi yenye video, kwenye kompyuta ile ile itakayotumika, projekta ikiwa imewaka, na kuichezesha kwa rimoti atakayoishika. Sekunde tano za kila video zinatosha kufichua kodeki, viungo, sauti na kioo kwa mpigo mmoja. Pembeni ya faili la slaidi anaweka folda yenye video zote kama zilivyo, na VLC ikiwa imesakinishwa. Slaidi ikigoma, Alt na Tab humtoa kwenye PowerPoint hadi kwenye VLC, faru anatembea, na wengi ukumbini hawatambui kwamba kulikuwa na tatizo.

Kumbi nazo zina la kufanya, na halina gharama. Karatasi moja inayotaja aina ya projekta na idadi ya nukta zake, soketi zilizopo, toleo la Windows na la Office, kama kompyuta ina kiongezi cha HEVC, kama hali ya mwinuko imewashwa, na tarehe chujio liliposafishwa, inaweza kupigwa picha na kutumwa kwa mtoa mada pamoja na mwaliko. Hapo atajua kabla hajaondoka Arusha kama abebe adapta ya USB-C, kama video yake iwe ya 1080p au 720p, na kama aje na spika.